Ulizeni Fundi: Oili Ndani, Ndege Nje

SWALI: Shikamoo mzee. Ninafundisha sekondari hapa Singida. Mwenzangu mmoja wa stafu anasema rubani wa kwanza wa Alaska alikuwa mwalimu kama sisi, akaacha chaki akaenda kupeleka barua kwa ndege. Ni kweli au ni chai? Na ndege za miaka ile ziliwakaje kwenye baridi ya namna ile? – Mwalimu, Singida

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwenzako kapatia nusu. Wa kwanza kurusha ndege Alaska ni James Martin, aliyefanya maonyesho pale Fairbanks Julai 1913. Kiingilio kilipangwa, lakini ndege haina ukuta, kwa hiyo wengi walipanda mapaa wakatazama bure. Maonyesho yalipokwisha, akafungasha na kuondoka.

Huyo mwalimu ni Carl Ben Eielson, mzaliwa wa Hatton, North Dakota, mwaka 1897. Urubani alijifunza jeshini, vita vikaisha kabla hajapelekwa. Akaenda Washington kusoma sheria, akijitafutia nauli kwa kazi ya ulinzi kwenye jengo la Bunge. Huko ndiko alikokutana na mjumbe wa Alaska, akavutwa kwenda kaskazini. Mwaka 1922 alikuwa anafundisha sekondari Fairbanks. Mwaka uliofuata aliwashawishi wenye fedha wa mji ule wanunue ndege moja aina ya Jenny, ya masalia ya jeshi. Ilikuja kwenye makreti, ikaungwa papo hapo, na kiwanja chake kilikuwa uwanja wa besiboli.

Posta ikampa mkataba wa majaribio wa safari kumi. Tarehe 21 Februari 1924 alitoka Fairbanks kwenda McGrath, kama kilomita 450, akatumia saa 2 na dakika 50. Wenye sleji za mbwa walikuwa wanaitembea njia hiyo kwa karibu wiki tatu. Alivaa soksi za sufu jozi mbili, juu yake za ngozi, buti za ngozi hadi magotini, suruali mbili, sweta, kofia ya manyoya na koti la ngozi ya paa wa kule. Baadaye akaiandikia Posta kwamba nguo zilizidi, alisikia joto! Kurudi ndiko kulikomtia adabu: alipotea njia, akafika Fairbanks giza limeshaingia, akatua na kuiharibu ndege. Baada ya ajali nyingine mbili Posta iliukatisha mkataba, na barua zikarudi kwa mbwa.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo kazi yangu. Mimi nimeshika spana miaka thelathini na ushee kwenye ndege ndogo, na baridi kali niliyowahi kuijua ni ya Njombe. Asubuhi moja ya Juni, Cessna 206 ililala nje. Nilipoizungusha propela kwa mkono niliona inavuta kama naizungusha ndani ya asali. Rubani ana haraka, abiria wanapiga miayo, mimi nawaambia tungoje jua. Hiyo ilikuwa nyuzi tatu nne juu ya sifuri. Wenzetu kule wanazungumzia arobaini chini ya sifuri. Hapo oili si asali tena, ni lami. Ukilazimisha injini iwake, haipati oili mahali popote, na inajisaga yenyewe.

Walichofanya ni hiki. Rubani akishatua, kabla hata ya kunywa chai, anaweka debe chini ya injini na kufungua oili ingali ya moto. Injini kama ya ndege ile ya posta, yenye rejeta, inamwagwa na maji pia. Debe linabebwa hadi ndani ya kibanda, linalala karibu na jiko pamoja na watu. Asubuhi injini inafunikwa turubai zito linaloshuka mpaka kwenye theluji, chini yake linawekwa jiko la moto, na mtu anajibanza humo humo kulilinda. Saa nzima, pengine zaidi. Kuna petroli juu ya kichwa chake na moto magotini. Ndege kadhaa ziliungua hivyo. Huku ndani, oili inachemshwa jikoni kama maharage. Injini ikishapata joto oili inamiminwa, na hapo huna muda wa kuagana: washa uende.

Halafu kuna mbao za kutelezea, zile walizofunga badala ya magurudumu. Ndege ikisimama, theluji chini yake huyeyuka kidogo kisha inaganda, mbao zikashikwa kama kwa saruji. Ndiyo maana waliziegesha juu ya magogo.

Eielson alilijua hilo vizuri. Aprili 1928 yeye na mvumbuzi Hubert Wilkins waliruka kutoka Point Barrow, ncha ya kaskazini ya Alaska, hadi Spitsbergen, visiwa vya Norwei, saa 20 na dakika 20 juu ya barafu. Tufani ikawashusha kwenye kisiwa kitupu, wakakaa siku tano ndani ya ndege. Hewa ilipotulia, mbao zilikataa kung'oka. Wilkins akashuka kusukuma mkia, ndege ikachomoka, yeye akabaki. Eielson akazunguka angani, akatua kumchukua. Mara ya pili Wilkins akashika kamba kwa mikono, hata kwa meno, akaanguka tena. Mara ya tatu alikaa mlangoni, mguu mmoja ndani, akisukuma kwa gogo. Wakaondoka. Watu huandika juu ya zile saa 20. Mimi nafikiria petroli iliyokuwa inapungua kila Eielson alipozunguka kumrudia mwenzake.

Novemba 1929 alikwenda Siberia na fundi wake, Earl Borland, kuchukua manyoya kwenye meli Nanuk iliyokamatwa na barafu. Hawakufika. Januari 1930 marubani Joe Crosson na Harold Gillam waliona bawa limetokeza kwenye theluji. Eielson alikuwa na miaka 32. Katika habari zake jina la Borland huja mwishoni, kama lilivyokuja hapa, na mimi mwenyewe ni fundi.

SWALI: Fundi, kama ndege zilikuwepo tangu 1923, kwa nini dawa ya dondakoo ya Nome, mji wa pwani ya Alaska, mwaka 1925 ilipelekwa na mbwa? – Muuguzi, Tanga

JIBU: Dada, ndege za Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande na kuhifadhiwa kwa majira ya baridi, injini zake zilipozwa kwa maji, na rubani anakaa wazi upeponi. Eielson hakuwepo. Wakubwa walibishana, kisha wakachagua mbwa: waendeshaji 20 wakipokezana kutoka Nenana, karibu kilomita 1,085, siku tano na nusu. Mimi ningekuwepo ningepigia kura mbwa. Mbwa ukimlaza nje anajikunja, theluji inamfunika, asubuhi anajikung'uta na kuamka. Pale Savoonga, kwenye kisiwa cha St. Lawrence, waliendelea kuleta barua hadi 1963.