Ramani Inayojumlika: Pima Kutoka Konani, Usikisie kwa Macho

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchora ramani za nyumba, fundi aliyekuwa akiseti msingi Kibaha alinipigia simu asubuhi. "Injinia, namba zako hazijumliki. Nifuate za ndani au za nje?"

Nikafungua faili. Upande mrefu wa nyumba ulikuwa na vyumba vitatu, vya milimita 3,000, 3,000 na 3,600, pamoja na kuta nne za tofali la inchi sita, yaani milimita 150 kila ukuta. Jumla yake ni 10,200. Kipimo cha nje kwenye karatasi kilisema 10,230. Nilikuwa nimechora kwa macho: nasogeza kipanya, naona namba inakaribia 3,000, nabofya. Kumbe vyumba viwili vilikuwa 3,004, cha tatu 3,604, na kila ukuta 154. Vipimo nilikuwa nimeviweka vikadirie hadi kumi ya karibu, kwa hiyo kila kipande kilionekana safi na kosa likajitokeza kwenye jumla peke yake. Siku ile vibarua walikaa bila kazi, na aliyewalipa ni mwenye nyumba. Bado inaniuma.

Tangu hapo kila mstari wangu unatokana na namba niliyoiandika kwa kibodi, na namba hiyo inahesabiwa kutoka kwenye kitu ambacho tayari kipo kwenye mchoro. Ndivyo fundi anavyofanya kazi. Hufunga kamba konani, akashika tepu pale pale na kupima kwenda mbele. Ukichora kwa mpangilio huo, ramani yako itasomeka kiwanjani bila maswali.

Nitatumia AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, kwa sababu ndiyo wengi wetu tuliyoanzia. Kila nukta ina namba mbili, ya mlalo na ya wima. Ukiandika 3600,0 peke yake, programu inaweza kuhesabu kutoka sifuri ya mchoro mzima, mahali ambapo huenda ni mbali kabisa na nyumba yako. Ukitanguliza alama ya @, unaiambia ihesabu kutoka nukta ya mwisho uliyoweka. Basi chumba cha 3,600 kwa 3,000 unakichora hivi: andika LINE, amri ya kuchora mstari, bofya kona ya kuanzia, kisha @3600,0 na Enter, @0,3000 na Enter, @-3600,0 na Enter, halafu C kufunga. Alama ya kutoa inakurudisha kushoto, au chini ikiwa kwenye namba ya pili.

Hapo kuna mtego ambao nimeuona kwa karibu kila kijana niliyemfundisha. Tumezoea kuandika elfu tatu mia sita kwa mkato katikati: 3,600. Ndani ya programu mkato hutenganisha mlalo na wima. Ukiandika @3,600 umeagiza kwenda milimita 3 kulia na 600 juu, nayo inatii bila kukuuliza. Kwenye kibodi andika 3600.

Mtego wa pili ni kitufe cha F12, kinachowasha na kuzima visanduku vya namba vinavyofuata kipanya. Vikiwa vimewashwa, nukta ya pili na zinazofuata huhesabiwa kutoka nukta iliyotangulia hata usipoweka @. Vikizimwa, namba zile zile zinahesabiwa kutoka sifuri. Mtu aliyezoea kompyuta ya nyumbani akikaa kwenye ya ofisini, mistari inamkimbia, naye anadhani programu imeharibika. Ushauri wangu ni kuandika @ kila mara. Inafanya kazi katika hali zote mbili. Siku utakayotaka kuhesabu kutoka sifuri huku visanduku vimewashwa, tanguliza #.

Kuna njia ya haraka zaidi ambayo wengi huipenda: elekeza kipanya upande unaotaka, andika 3600, bonyeza Enter. Ni nzuri, mradi F8 imewashwa ili mstari ulale au usimame sawasawa. F8 ikiwa imezimwa, mstari unafuata kipanya kilipo hasa, na mkono wa binadamu hauwezi kushika mlalo kamili. Unapata ukuta wenye urefu sahihi ulioinama kwa nusu ya digrii. Kwenye skrini hauonekani. Utauona baadaye pale kona mbili zinapokataa kukutana.

Amri ninayoipenda kuliko zote ni FROM, inayoanza kuhesabu kutoka nukta unayoichagua, na ninashangaa jinsi inavyosahaulika. Tuseme unataka mlango uanze milimita 200 kutoka kona ya ndani ya chumba. Wengi huchora mstari wa msaada wa 200, wanachora mlango, kisha wanafuta msaada, au wanasahau kuufuta na unachapishwa pamoja na ramani. Badala yake andika LINE, halafu FROM na Enter, nasa kona ya ndani, andika @200,0 na Enter. Mstari unaanza pale pale unapotaka. Hakikisha F3 imewashwa ili kipanya kinase ncha halisi ya ukuta. Ukibofya karibu na kona badala ya konani, hiyo 200 yako imeshaharibika kabla hujaiandika.

Kwa dirisha linalokaa katikati ya ukuta, changanya FROM na M2P, inayotafuta katikati ya nukta mbili. LINE, FROM, M2P, nasa kona ya kwanza, nasa kona ya pili, kisha @-600,0. Dirisha lako la 1,200 linaanza 600 kushoto kwa katikati, hata kama urefu wa ukuta ni namba ngumu kugawanya kichwani.

Unene wa ukuta nauacha kwa OFFSET, amri ya kurudia mstari sambamba kwa umbali unaoutaja: andika 150, chagua mstari, bofya upande wa nje. Hapo hakuna la kuongeza.

Kiwanja ni habari nyingine, na hapa naomba usome polepole. Ramani ya upimaji ikikupa namba za bikoni, yaani alama za kona za kiwanja, usizigeuze kuwa umbali wa kutoka nukta hadi nukta. Ziingize kama zilivyo, kutoka sifuri, kwa sababu ndizo zinazokiweka kiwanja mahali pake duniani. Namba hizo huwa ni za mita. Kama nyumba unaichora kwa milimita, kuza kiwanja mara 1,000 kabla hujaendelea. Ukipewa urefu wa mpaka na mwelekeo wake, unaweza kuandika @45000<30, yaani mita 45 kwa pembe ya digrii 30. Lakini AutoCAD, isipobadilishwa, huhesabu pembe kuanzia mashariki ikizunguka kinyume cha saa, wakati mpimaji huhesabu kuanzia kaskazini kufuata saa. Toa mwelekeo wa mpimaji kwenye 90 ndipo uandike. Mwelekeo wa 120 unakuwa -30.

Na kiwanja kikiwa kimekaa mshazari, usipige hesabu za pembe kwa kila ukuta. Andika UCS, amri ya kugeuza mlalo na wima wa mchoro, kisha OB, chagua mstari wa mpaka unaotaka nyumba iufuate. Kuanzia hapo @ itahesabu mlalo na wima kwa kufuata mpaka huo. Ukimaliza, UCS na W zinakurudisha kawaida.

Wanaotumia SketchUp, programu nyingine ya kuchora, wana desturi kama hiyo: baada ya nukta ya kwanza, namba ndani ya < > zinahesabiwa kutoka hapo, na zilizo ndani ya [ ] zinahesabiwa kutoka sifuri. Kwenye Revit, ambayo nayo ni programu ya kuchora majengo, chagua ukuta, bofya namba ya muda inayotokea, andika unayotaka. Angalia tu namba hiyo inapima kutoka wapi, uso wa ukuta au katikati yake, maana tofauti ni nusu ya unene wa ukuta na inatosha kuharibu bafu dogo.

Wakati wa kuchora sasa naacha vipimo vyangu vionyeshe desimali mbili. Nikiona 3000.00 natulia, nikiona 3003.87 narudi nyuma papo hapo. Kabla ya kuchapisha naita DIST, amri ya kupima umbali, na kupima kila chumba kona kwa kona, kwa mshazari. Chumba cha 3,600 kwa 3,000 lazima kinipe 4,686 kwa mishazari yote miwili. Namba hiyo naiandika kwenye karatasi kando ya chumba, kwa sababu fundi naye atavuta tepu kona kwa kona, na safari hii nataka akute kile nilichokikuta mimi.