Kazi Mchana, Bahari Jioni: Majibu kwa Wanaotumwa Mombasa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaotumwa Mombasa kikazi: semina, ukaguzi wa vitabu, mafunzo ya wiki moja. Malalamiko yao yanafanana. Siku tano zinakwisha, na walichokiona ni ukumbi wa hoteli na dirisha la gari. Tatizo kubwa ni kwamba wanaupanga mji huu kwa saa ya ofisi, nao unakwenda kwa maji, kwa adhana na kwa saa ya chungu kuepuliwa. Tumechagua barua tano.

SWALI: Nitakuwa Nyali siku tano na kazi inaisha saa kumi na moja jioni. Safari iliyopita nilikwenda kuogelea nikakuta bahari imekimbia: mchanga, mwani, na vidimbwi. Nifanyeje safari hii? (Mhasibu, Nakuru)

JIBU: Bahari haikukimbia, ilikupwa, na ingawa hukujua, mwezi ulikuwa umekwisha kukuambia. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku majira hayo huchelewa kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo bahari uliyoikuta jioni ya Jumatatu siyo utakayoikuta jioni ya Ijumaa.

Kanuni ya kubeba kichwani ni hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu. Siku hizo za bamvua, Mombasa maji hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na hukupwa karibu saa nne asubuhi. Ndizo jioni zako za kuogelea. Wiki moja baadaye mwezi ukiwa nusu ni maji mafu na mambo hugeuka: saa kumi, saa kumi na moja jioni ndipo yamekupwa, na hujaa usiku. Bila shaka ulifika siku hizo. Zikikukuta tena, usihangaike na kuogelea. Vaa viatu vya mpira utembee ufukweni, maana mchanga uliokupwa ni mgumu na mpana, mzuri kwa miguu.

Viatu hivyo si mapambo. Kwenye miamba na kati ya mwani kuna wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano. Mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo, na ukiubana hovyo unavunjika vipande.

Jioni za bamvua zina hatari yake pia. Maji yakianza kutoka hutoka kwa nguvu, hasa penye mlango wa mwamba, pale mawimbi yasipovunjika kwa sababu kuna kina. Wageni hupaona pametulia wakapapenda, kumbe ndipo mkondo unapovuta kuelekea nje. Ogelea mbali na mlango huo, mbele ya watu, na utoke kabla jua halijazama. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza la huku halikawii.

Angalia na majira ya upepo. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba: bahari huchafuka na mwani hurundikana pwani. Kaskazi ya Desemba hadi Machi hutuliza maji yakawa meupe. Ukitaka kutazama matumbawe kwa mashua katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, nenda maji yakiwa yamekupwa, yaani Jumamosi ya bamvua saa nne asubuhi. Patana na nahodha mambo manne kabla ya kupanda: bei ya kila mtu, muda, kama miwani ya kupigia mbizi imo ndani, na nani analipa ada ya hifadhi. Ugomvi mwingi wa mashua hutokana na hilo la nne.

SWALI: Chakula cha hoteli kimenichosha, lakini naogopa tumbo kunivuruga katikati ya semina. Nile nini, saa ngapi, na nini nijihadhari nacho? (Afisa wa mradi, Kisumu)

JIBU: Ufunguo ni kula kila kitu saa yake. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi, na kabla ya saa tatu ndipo vinapokuwa vitamu. Mahamri mazuri yamefura, ukiyapasua ndani ni wazi kama mfuko, na harufu ya iliki inatangulia. Yakiwa mazito na yamejaa unga ndani, hayakuumuka vizuri, na yatakukalia tumboni hadi adhuhuri. Mbaazi zina tui, na tui katika joto la Mombasa huchacha upesi. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea: wananunua samaki wa kupaka au mbaazi mchana, wanaacha mezani chumbani ili wale usiku. Cha tui kinaliwa hapo hapo. Ukihisi uchachu ulimini, acha, hata kama ulilipa.

Mchana ni wali. Pilau na biriani si kitu kimoja, ijapokuwa menyu nyingine huvichanganya. Pilau, mchele hupikwa ndani ya supu ya nyama na viungo. Biriani, wali huchemshwa peke yake, ukatiwa samli na rangi, na rojo la nyama, vitunguu na maziwa lala hupikwa kando. Omba rojo litiwe pembeni, siyo juu, uonje wali mwenyewe: punje zitengane, zisigandane. Ijumaa ndiyo siku ya biriani, na chungu kizuri hakikai. Wahi mara sala inapokwisha, kwani saa nane na nusu utapewa ukoko na mifupa.

Jioni nenda Mama Ngina, ile barabara ya mibuyu kando ya mlango wa Kilindini, ambapo meli hupita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia. Hapo kuna muhogo wa kuchoma uliopasuliwa, ukapakwa pilipili, chumvi na ndimu. Kuna kachiri za muhogo, viazi karai na madafu. Kachiri nunua zinazotoka karaini, zikiwa na joto. Zilizofungwa tangu asubuhi huwa zimeshika harufu ya mafuta yaliyorudiwa. Dafu uliza kama ni la maji matupu au lina nyama laini ya kukomba. Muuzaji anayejua kazi hulipiga kidole na kukujibu kabla ya kulikata. Akikupa koroma, yaani linaloelekea kuwa nazi, maji yake yana ukakasi kidogo na nyama ni ngumu, basi lirudishe.

Kuhusu tumbo: kinachokaangwa mbele ya macho yako ni nadra kumuumiza mtu. Vinavyoumiza ni vile visivyopata moto, navyo ni kachumbari iliyokatwa zamani, barafu usiyojua maji yake, na ile chatini ya ukwaju iliyokaa wazi ikiongezwa maji tangu alasiri. Viazi karai bila chatini ni nusu ya utamu, kwa hiyo usiiache. Chagua kibanda chenye watu wengi, ambapo bakuli huisha na kujazwa upya. Malizia na kahawa chungu ya dele, kikombe kidogo, na kipande cha halua.

Safari yako ikiangukia Ramadhani, mikahawa mingi ya kisiwani haiuzi mchana. Usinung'unike. Kuanzia alasiri mitaa hujaa kaimati, vibibi, sambusa, katlesi na mkate wa sinia, na hakuna mwezi mwingine utakaokula vizuri hivyo.

SWALI: Mama mkwe ameagiza doti tano za leso na viungo vya pilau. Sitaki kuuziwa vibaya. (Bwana harusi mpya, Eldoret)

JIBU: Leso nenda Barabara ya Biashara. Pale ndipo penye duka la Mali ya Abdulla, jina lililochapwa kwenye leso tangu enzi za mabibi zetu. Usiende Ijumaa adhuhuri, maduka hufungwa kwa sala.

Kwanza soma jina. Leso ina pindo pembeni, mji katikati, na jina chini yake, na jina ndilo zawadi yenyewe. Majina mengine ni dua na shukrani, mengine ni vijembe kwa jirani mwenye fitina. Ukimpelekea mama mkwe kijembe kwa kutojua, atajua yeye, na mtaa mzima utajua. "Wema hauozi" halijamkosea mtu. Ukilitilia shaka jina, muulize muuzaji, tena mwanamke mtu mzima kama yupo, maana fumbo la leso wao ndio wenyewe.

Pili, kitambaa. Sugua pembe ya leso kati ya vidole: ikidondosha unga mweupe, uzito unaousikia ni wanga, na ikifuliwa itabaki nyepesi. Inyanyue kwenye mwanga uone ufumaji. Dondosha tone la maji: pamba hunywa mara moja, na nyuzi za kiwandani huliacha tone limekaa. Doti huuzwa ikiwa haijakatwa. Mafundi wa cherehani pale pale barazani hukata katikati na kupiga pindo ukisubiri, ila waambie wakunje mkunjo mwembamba, la sivyo huliwa sehemu ya pindo lililochapwa. Mfuo wa kwanza ni maji baridi na chumvi, kila doti peke yake. Nyekundu na nyeusi hutoa rangi.

Viungo viko Marikiti, hatua chache kutoka hapo. Nunua vizima, usinunue vilivyosagwa, kwa kuwa unga huficha mengi. Iliki ipasue: mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata, zikiwa za kahawia na kavu zimezeeka. Karafuu iwe na kichwa chake, na ukiibana kwa ukucha itoe mafuta. Mdalasini mzuri ni mwembamba wenye tabaka nyingi kama karatasi iliyoviringwa. Gome nene gumu lina ladha kali na bei yake iwe chini. Zafarani ndiyo penye mtego. Weka nyuzi mbili katika maji ya uvuguvugu: ya kweli hutoa dhahabu polepole na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu, ya bandia hutoa wekundu papo hapo na nyuzi hupauka. Kwa nyumba moja, gramu 50 za iliki, 50 za karafuu, 100 za mdalasini na robo kilo ya bizari ya pilau zinatosha miezi kadhaa. Beba kikapu, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

SWALI: Nina nusu siku ya Jumamosi kabla ya treni ya jioni. Nione nini? (Mkaguzi, Nairobi)

JIBU: Baki kisiwani. Anza Ngome ya Yesu saa mbili asubuhi inapofunguliwa, kabla kuta hazijashika moto. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Lipia kwa simu kabla ya kufika getini, hiyo foleni ya watu wanaohangaika na mtandao haina maana. Tenga saa moja na nusu. Kisha ingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, ukitazama milango ya nakshi na roshani, upite msikiti wa Mandhry, ushuke bandari ya kale, utokee Langoni hadi Marikiti. Funika mabega na magoti, na usimpige mtu picha bila idhini yake, hasa akina mama.

Treni iko Miritini, nje ya kisiwa. Toka mjini mapema, muda wa saa mbili nzima kabla ya treni kuondoka, kwa sababu ya msongamano na ukaguzi wa mizigo. Kisu ulichonunua kama zawadi kitazuiwa hapo.

SWALI: Naweza kupeleka samaki nyumbani? (Muuguzi, Machakos)

JIBU: Unaweza, ukiamua siku moja mapema. Nunua asubuhi: jicho liwe limetuna na kung'aa, matamvua mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Nguru wa vipande kwa kukaanga, changu mzima kwa kupaka. Atolewe matumbo na magamba pale pale sokoni, kwani matumbo ndiyo huoza kwanza. Jikoni hotelini waombe wamgandishe usiku mzima, usibebe samaki wa barafu ya kuyeyuka inayodondokea mizigo ya wenzako. Akiwa jiwe, mfunge kwa magazeti tabaka nne au tano, mtie kwenye sanduku jepesi lililozibwa kwa utepe. Muulize kwanza mwenye basi au ndege kama anampokea. Kama huna friza, nunua ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi: hahitaji barafu, huchemshwa kwanza kupunguza chumvi, kisha hutiwa tui. Ila mfunge mara tatu, harufu yake itafika Machakos kabla yako.