Duka langu, tovuti yao: maswali ya wauza maua

Wiki mbili zilizopita niligusia, kwa aya moja tu, maduka ya maua ambayo tovuti zao zinaendeshwa na kampuni ileile inayowaletea oda. Sikujua kwamba wauza maua wanaosoma safu hii ni wengi hivi. Leo nafasi yote ni yao.

Shikamoo kaka. Nimenunua duka dogo la maua hapa Columbus, Ohio, kwa mzee aliyestaafu. Tovuti ilikuja na duka. Inahudumiwa na mtandao wa kupelekeana oda ambao mzee alikuwa mwanachama wake. Nataka kuweka picha za mashada yangu na ukurasa wa maua ya misiba, maana Waafrika Mashariki wa huku wananiuliza kila wiki. Kila nikijaribu, hakuna pa kuweka. Nakosea wapi?

Marahaba, dada yangu. Hukosei popote. Unajaribu kupanga upya fanicha katika nyumba ambayo mwenyewe amezipigilia misumari sakafuni.

Mitandao hii ni mikongwe kuliko intaneti. FTD ilianza Marekani mwaka 1910, wauza maua walipokubaliana kupelekeana oda kwa telegrafu: mteja wa Chicago analipa kwenye duka la mtaani kwake, shada linafungwa na muuza maua wa Boston. Teleflora ikafuata mwaka 1934. Mgawanyo uliozoeleka ni huu: katika oda ya dola 100, aliyeipokea kwa mteja hubaki na 20, mtandao huchukua 7, na anayefunga shada na kulipeleka hupata 73, kabla ya ada nyingine. Sasa, ili mteja wa Chicago apate kile alichokiona, maduka yote lazima yawe na picha zilezile, vasi zilezile na namba zilezile za katalogi. Intaneti ilipoingia, katalogi hiyo ikapandishwa kwenye tovuti na jina la duka lako likaandikwa juu yake. Ndiyo maana ukitafuta pa kuweka ukurasa wa misiba hupaoni. Mtengenezaji alikuwa anafikiria katalogi yake, hakuwa anafikiria duka lako.

Niliwahi kukaa na mwenye duka mmoja jioni ya Februari 12, siku mbili kabla ya Siku ya Wapendanao. Ukurasa wa kwanza wa tovuti yake ulikuwa na vasi jekundu la kioo lenye kopa la fedha shingoni. Vasi hilo hakuwa nalo. Lilipaswa kununuliwa kwa katoni kutoka kwa mtandao wenyewe, naye katoni zake zilikwisha. Nyuma, kwenye chumba cha baridi, alikuwa na ndoo sita za waridi la Ecuador, alstromeria za rangi ya machungwa na mikaratusi inayonukia hadi barabarani. Hakuna hata ua moja kati ya hayo lililoonekana kwenye tovuti. Alikuwa akifunga shada, analipiga picha kwa simu juu ya karatasi ya kaki, anaituma WhatsApp kwa wateja anaowajua. Hivyo ndivyo alivyouza ndoo zote sita. Tovuti anayoilipia kila mwezi usiku ule ilimletea oda za vasi asilokuwa nalo, na kila oda ikamlazimu apige simu kuomba radhi.

La kufanya leo: ingia kwenye ukurasa wa usimamizi utafute sehemu ya kuongeza bidhaa zako mwenyewe. Mifumo mingi inayo, ila imefichwa chini. Weka mashada yako kumi, uyapandishe juu, kisha zima yale ya katalogi usiyoweza kuyafunga. Halafu waandikie, kwa barua pepe wala si kwa simu, uwaulize: je, naweza kuongeza kurasa? Naweza kuweka msimbo wa kuhesabu wageni wangu mwenyewe? Naweza kupakua orodha ya wateja walioagiza, na majina na tarehe zao? Fedha za kadi zinaingia benki kwangu moja kwa moja, au zinakatwa kwanza kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi? Majibu ya hayo manne yatakuonyesha kama unavumilia au unahama.

La misiba nalisema pembeni: usilisubirie tovuti. Karatasi moja yenye picha tatu na bei, ukiiacha kwa katibu wa kanisa na kwa wanaosimamia michango, itakuletea kazi kabla ya Jumapili ijayo.

Duka letu lipo Leicester. Jina la tovuti tunalitumia miaka tisa. Tutajuaje kama ni letu?

Kwanza jiulizeni: nani ana nywila ya akaunti ya msajili? Si ya tovuti. Ya msajili, yule anayelipwa kila mwaka ili jina lisife. Kama hakuna kati yenu aliyewahi kuiona ankara hiyo, basi kuna mwingine anayeilipa, na huenda jina limeandikwa kwake.

Kwa majina ya .com, ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, ina ukurasa wa wazi wa kutafuta, lookup.icann.org. Siku hizi jina la mmiliki mara nyingi hufichwa kwa sababu za faragha, ila msajili na tarehe ya kuisha huonekana, na hizo zinatosha kuanzia. Mkithibitisha kuwa ni lenu, ombeni msimbo wa kulihamishia kwa msajili mwingine. Kwa sheria za ICANN, msajili hapaswi kukaa nao zaidi ya siku 5. Kumbukeni tu kwamba jina likiwa limesajiliwa au kuhamishwa karibuni, msajili anaweza kukataa kulihamisha mpaka siku 60 zipite. Majina ya .uk yana utaratibu wake chini ya Nominet, shirika linaloyasimamia: kwa muda mrefu hapakuwa na msimbo, msajili wa sasa ndiye aliyekuwa akibadilisha lebo inayoonyesha jina liko kwa nani. Muulizeni wenu kama bado ni hivyo.

Kama limesajiliwa kwa jina la mtandao wenyewe, someni mkataba kabla ya kugombana. Mingine husema jina litarudishwa kwenu mkiondoka, mingine huweka ada, na mingine haisemi lolote, na hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi. Kama anwani yenu ni neno la duka likifuatiwa na jina la kampuni yao, hapo hakuna la kudai. Sajilini lenu leo, mlichapishe kwenye kadi za maua na kwenye gari, mzoeshe wateja polepole.

Na msisahau namba ya simu. Baadhi ya tovuti hizi huonyesha namba ya kupokelea ambayo inaelekezwa kwenu. Mkiondoka, namba inabaki kwao, na mteja wa miaka tisa anayepiga anasikia sauti ya mtu mwingine.

Picha za katalogi na maelezo yake, nikihama nitaruhusiwa kwenda navyo?

Hapana. Hakimiliki ni yao, na ruhusa yako huisha siku uanachama unapoisha.

Wala usiyalilie maelezo. Aya ileile ipo kwenye tovuti za maduka mengine chungu nzima, kwa hiyo mtu akitafuta Google haina sababu ya kukuchagua wewe. Piga zako: dirisha la upande usiopigwa na jua, kitambaa kisicho na maua, simu uliyonayo. Andika lililomo ndani ya shada, vijiti vingapi vya waridi, urefu gani. Mteja anapenda kuhesabu.

Niaje boss. Niko City Market, Nairobi. Mimi sina mtandao wa kigeni, lakini kijana aliyenitengenezea website ndiye aliyenunua jina, ndiye ana hosting (mahali website inakaa), na Till ya M-Pesa (namba ya kulipia) kwenye website ni yake, ananitumia pesa jioni. Siku hizi hashiki simu. Niko kwa hiyo story pia?

Uko ndani kabisa, tena pabaya kuliko yule wa Ohio. Yeye ana mkataba wa kusoma. Wewe una kijana.

Anza na pesa, leo hii. Chukua Till yako mwenyewe kwa jina la biashara yako. Kama huwezi kuingia kwenye tovuti kubadilisha namba, weka namba mpya kwenye hali ya WhatsApp, kwenye Facebook na kwenye kibao cha meza, uandike wazi kwamba ile ya zamani haitumiki. Mtu aliye Dubai au Boston anayemtumia mama yake maua Buruburu atakuuliza kwanza kwenye WhatsApp, karibu kila mara.

Kisha jina. Jina la .co.ke lina msajili wake. Mwandikie huyo, ambatanisha cheti cha usajili wa biashara na kila ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha ulimlipa kijana kwa kazi hiyo. Juu ya wasajili wote wa .ke ipo KeNIC. Kwa wenzetu wa Tanzania, .tz nayo ina msimamizi wake. Na kijana usimtukane. Wengi si wezi. Walisajili kwa barua pepe yao kwa sababu siku ile wewe hukuwa na yako. Mtumie ujumbe mmoja wa kistaarabu, umtajie unachotaka: jina lihamie akaunti yangu, nitalipia mwaka huu. Ukimrahisishia kazi, kuna uwezekano mkubwa atajibu.

Barua pepe ya duka nayo ipo kwao. Nikifunga tovuti, itaendelea?

Itakufa siku hiyohiyo. Fungua sanduku kwingine kwanza, nakili barua zote za zamani, ndipo ubadilishe rekodi za MX, zile zinazoonyesha barua pepe zako zitue wapi. Kama hawakuruhusu kugusa rekodi hizo, hiyo pekee ni sababu ya kuhama.

Basi tusijiunge na hii mitandao kabisa?

Sikusema hivyo. Oda inayotoka mji mwingine ni oda, na kuna maduka yanayoishi kwayo majira ya kiangazi. Nisemacho ni kwamba uanachama na tovuti ni vitu viwili, hata kama vimeandikwa kwenye karatasi moja. Omba bei ya kila kimoja peke yake. Kampuni hizi nazo huyumba: FTD iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Juni 2019, ikauzwa vipandevipande. Oda zikikatika unaweza kungoja. Lakini kama tovuti, simu, barua pepe na daftari la wateja vyote vilikuwa kwenye kamba hiyohiyo, utangojea wapi?

Nimeamua kuhama. Nihame lini?

Si Januari, Siku ya Wapendanao inakaribia. Kwa Marekani, si kabla ya Jumapili ya pili ya Mei, Siku ya Mama. Kwa Uingereza siku hiyo huangukia ndani ya Kwaresima, kwa hiyo Machi nayo iache. Julai maua hulala. Jenga mpya huku ya zamani ikiendelea, andika anwani za kurasa zote za zamani, kila moja uielekeze kwenye mwenzake mpya kwa elekezo la kudumu la 301, ili anayefungua anwani ya zamani apelekwe mpya, na siku mbili kabla ya kubadilisha ushushe TTL, yaani muda ambao kompyuta za wengine hukumbuka anwani yako ya zamani, kwenye rekodi za DNS zinazoonyesha tovuti yako iko wapi, ili mabadiliko yasichukue siku nzima. Fanya Jumanne asubuhi. Ukimaliza, agiza mwenyewe shada dogo kuliko yote, ulipe kwa kadi yako, kisha usimame kaunta usikilize kama mashine ya oda inalia.