Kiti cha masaji cha mtumba kwa mama

SWALI: Mama yetu ana miaka 68 na anaumwa kiuno. Tunataka kumnunulia kiti cha masaji kilichotumika Japani. Tuangalie nini?

JIBU: Kwanza muulizeni daktari wake. Kama mifupa yake imedhoofika, damu imeganda miguuni au ana kifaa cha umeme moyoni, msinunue kabla daktari hajaruhusu.

Kisha someni kibandiko cha umeme nyuma ya kiti. Vya soko la Japani hutumia volti 100, na soketi zetu zina 230 au zaidi. Ukikichomeka moja kwa moja kitaungua. Nunueni transfoma ya kushusha umeme. Kwa kiti cha wati 200, ya wati 500 haitachemka.

Mama akikalie mwenyewe dukani kwa dakika 15, kwa nguvu ndogo. Rola za juu, yaani magurudumu yanayokanda mgongo, zifike mabegani. Reli (njia ambayo rola hupita) ndefu inayopinda hadi chini ya makalio ndiyo inayomfaa, kwani fupi huishia kiunoni. Mfuko wa hewa unaobana mwili usipojaa na mkasikia “fsss”, huenda mpira umetoboka. Rola zikikwaruza, huenda gia zimelika, na vipuri vyake ni taabu kupata.

Pimeni pia mlango wa nyumba, mjue kama kiti kitapita.