Msaidizi wa sauti amenyamaza: maswali kutoka Mwanza na visiwani

Safari hii maswali mengi ni ya simu iliyoacha kuitika unapomwita msaidizi wa sauti, yaani programu unayoiagiza kwa kusema, kama ya Google kwenye Android au Siri kwenye iPhone. Kabla ya kubonyeza ovyo, jua kwanza shida iko upande gani: simu haikusikii, au inakusikia ila haipati jibu. Asiyetenganisha hayo mawili ndiye anayeishia kwa fundi, akabadilishiwa sistimu chaji (kibao chenye tundu la chaji) ambayo haikuwa na kosa.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mikono ikichafuka nilikuwa nasema "Hey Google" simu inampigia mteja. Tangu ninunue kava jipya, kimya. Na wateja wanasema wananisikia kwa mbali.

Mama, jibu umeshalitaja: wanakusikia kwa mbali. Hiyo ni maiki. Tazama ukingo wa chini wa simu, pembeni ya tundu la chaji, utaona kitundu kidogo sana. Makava mengi ya bei chee hayakukatwa kwa ajili ya simu yako, kwa hiyo plastiki inakaa juu ya kitundu hicho. Vua kava, jirekodi ujumbe wa sauti WhatsApp ujitumie mwenyewe, kisha livalishe kava ujirekodi tena. Sikiliza zote mbili. Tofauti ikionekana, lirudishe kava kwa aliyekuuzia.

Kama zote ni hafifu, ni uchafu. Vumbi la dagaa lina magamba na mafuta, na likichanganyika na jasho linaganda. Zima simu, ielekeze kitundu chini, piga taratibu kwa mswaki mkavu laini. Usichokoe na sindano. Humo ndani kuna wavu mwembamba na baada yake maiki yenyewe, ukiitoboa imekwenda. Wala usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Ikibidi kwenda kwa fundi, fahamu kwamba kwenye simu nyingi za bei nafuu maiki imekaa kwenye kibao kimoja na tundu la chaji. Ukibadilishiwa kibao, jirekodi hapohapo mezani kwake kabla hujatoa hela. Na hata simu ikipona, kwa makelele ya Mwaloni asubuhi mimi ningeacha kuita, ningepanga kitufe cha kuwashia simu kimwite msaidizi, nikishikilie.

Mimi ni bodaboda wa Buzuruga. Asubuhi inaitika vizuri, ikifika jioni hata nipige kelele haiitiki.

Kiokoa betri hicho, kaka. Chaji ikishuka kinaweza kujiwasha chenyewe, na kikiwaka, simu za Android huacha kusikilizia "Hey Google". Chaji simu au kizime. Kwa wenye iPhone: ikilazwa kifudifudi au ikifunikwa, kwa kawaida haiitiki ukimwita Siri, hata betri ikiwa imejaa.

Nafundisha Nansio, Ukerewe. Nikimwita anaitika, kioo kinawaka, halafu anasema hakuna mtandao. Bando lipo na WhatsApp inafanya kazi.

Mwalimu, hapo simu inakusikia vizuri. Neno la kumwamshia linatambuliwa ndani ya simu yenyewe. Unachomwomba baada ya hapo ndicho mara nyingi kinachosafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni huko mbali na kurudi. Kwa hiyo mlaumu mtandao.

Ningeanza na bando. Kama ni lile la mitandao ya kijamii, WhatsApp itapita na mengine yatagoma. Jaribu kufungua tovuti yoyote ya habari. Ikikataa, umepata jibu. Kisha tazama tarehe. Simu iliyozimika muda mrefu ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma hushindwa kufungua tovuti salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe ya simu. Washa tarehe ya kujipanga yenyewe.

Ukiwa kwenye meli katikati ya ziwa, hakuna cha kurekebisha. Tangu iOS 15 (mfumo wa iPhone) ya mwaka 2021, Siri kwenye iPhone zenye chipu ya A12 au mpya zaidi anaweza kufanya mambo machache bila mtandao, kama kuweka alamu au kufungua programu. Wavuvi wanaonisoma: msitegemee msaidizi wa sauti majini. Hakikisheni nyumbani wanajua mmeelekea wapi, na namba ya dharura ni 112.

Mwanafunzi, Nyegezi. Ruhusa zote nimewasha, bado hanisikii.

Vuta kioo kutoka juu. Kuanzia Android 12 kuna swichi inayozima maiki kwa programu zote kwa mpigo, na ni rahisi kuigusa bila kujua. Kama shida haiko hapo, zima Bluetooth. Huenda simu inasikiliza kupitia spika za masikioni ulizoziacha ndani ya begi.

Nina miaka mingi, macho hayaoni vizuri. Mjukuu aliniwekea msaidizi, lakini simu ilipojisasisha ametokea mwingine anaitwa Gemini. Mara anaitika, mara haitiki. Igoma.

Shikamoo mzee. Hujaharibu kitu. Machi 2025 Google walitangaza kwamba Msaidizi wao wa tangu 2016 atapisha Gemini kwenye simu. Anahitaji Android 10 kwenda juu na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 2, na kwa simu ya RAM ndogo hivyo mimi simtarajii awe mwepesi.

Mwambie mjukuu afungue Mipangilio, aingie Programu, kisha Programu chaguomsingi, aone nani amewekwa kuwa msaidizi. Halafu akurekodishe sauti upya. Ajue na hili: kuita ni kwa "Hey Google" ileile, lakini Gemini anaelewa Kiswahili. Yule wa zamani hakuwahi kuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na Siri hana hadi leo.

Kwa macho yako, mzee, ningeongeza jambo moja. Mjukuu apange kitufe cha kuwashia simu kimwite msaidizi kikishikiliwa, ili usitegemee kuitikiwa. Na kwa kuandika ujumbe, kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha kusema tangu 2017: aongeze Kiswahili kwenye lugha za kuandika kwa sauti, akuonyeshe picha ya maiki juu ya herufi ilipo, akushike kidole uiguse mara kadhaa hadi mkono uizoee.