Mlikwenda kuteleza majini, mama mkwe akapitisha daftari la rambirambi

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, mume wangu anafanya kazi Mtumba. Tangu tuoane hatujawahi kutoka wawili tu. Juzi nilimbembeleza mpaka akakubali twende Dar kwa treni, tulale siku mbili, tukacheze kwenye ile michezo ya maji Kunduchi, bila watoto. Watoto tuliwaacha kwa mama mkwe, kijijini karibu na Gulwe. Yeye ni mtu wa zamani, asingeelewa, kwa hiyo nilimwambia baba yangu mdogo wa Temeke amefariki. Tulifurahi sana. Kwa bahati mbaya picha zikavuja, wifi akamwonyesha mama. Sasa mama hapokei simu yangu. Hata rambirambi aliyotuma, elfu arobaini, nilishapanga kumrudishia. Mume wangu ameenda kuomba radhi peke yake, na tangu arudi amenuna. Shangazi, kwani wanandoa hatuna haki ya kupumzika? Naona ukoo huu unataka kuniendesha. Likizo ijayo nawapeleka watoto kwa mama yangu Singida. Au nakosea?*
*Mama Wawili, Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulea. Watoto wawili, nyumba, na mume anayerudi kutoka Mtumba giza limeshaingia, si mchezo. Pole yangu inaishia hapo.

Haki ya kupumzika mnayo, lakini hakuna aliyewanyima. Mama mkwe hakusema msiende. Mumeo ulimbembeleza, akaenda. Mlezi wa watoto mlipata bure, tena bibi yao mwenyewe. Sasa anayekuendesha ni nani hapo?

Nimeisoma barua yako mpaka kwenye hiyo elfu arobaini, nikasimama. Umeipitisha katikati ya mambo mengine kama chenji ya dukani. Hebu nikuulize: mama wa kijijini, asiye na mshahara, elfu arobaini aliitoa wapi? Mimi vijiji vya huko navijua. Mtu akisikia mkwe kafiwa hakai ndani. Anajifunga khanga, anakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na daftari linafunguliwa. Huyu elfu mbili, yule mia tano. Asiye na fedha anatoa kisado cha uwele, kinauzwa hapo hapo, jina lake linaandikwa. Kisha anatafutwa kijana mwenye salio atume, na wazee wanakumbushana waongeze na ya kutolea ili mfiwa asipungukiwe. Wewe ukaupokea ujumbe wa fedha hiyo ukiwa na nguo ya kuogelea.

Nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ni shilingi 31,000. Wawili kwenda na kurudi ni 124,000, bado chakula, malazi na kiingilio. Aliyekuwa na uwezo huo kapokea mia tano ya mtu anayekula mlenda mkavu, halafu anasema "nilishapanga kumrudishia". Ulipanga lini? Kabla wifi hajaona picha, au baada?

Na daftari hilo halichomwi. Mwakani akifiwa yule wa mia tano, litafunguliwa ukurasa ule ule, itazamwe nani alisimama na nani. Kwa hiyo usijifariji kwamba ulimdanganya mama mkwe peke yake. Ulimtuma yeye akadanganye kijiji, naye hajui. Leo anapita njiani watu wanamuuliza, "Vipi, mazishi yalikwendaje?" Wanajua, maana picha ya simu haichelewi kufika Gulwe. Atajibu nini? Hapokei simu yako kwa sababu hajui auweke wapi uso wake. Wewe umeita hiyo kuendeshwa na ukoo.

Halafu baba yako mdogo. Hukuniambia kama yupo hai, nami nadhani yupo, anakunywa chai yake Temeke bila habari. Mwanangu, mtu mzima kumzika mdomoni ndugu aliye hai ni uchuro. Hata usipoamini mambo ya uchuro, jiulize siku atakapoondoka kweli utapiga simu Gulwe useme nini.

Nije kwenye hili la "mtu wa zamani, asingeelewa", maana ndilo lililoniudhi zaidi ya yote. Reli ya kati ilijengwa na Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914, na Gulwe ipo juu ya reli hiyo. Watu wa pale wamelala na kuamka na honi ya treni tangu enzi za babu zao. Wameona watu wakisafiri kwa kazi, kwa biashara, kwa mapenzi na kwa kutoroka. Treni hii ya umeme imeanza kubeba abiria wa Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ndani ya basi, Gairo, Morogoro, Chalinze, siku hizi inachukua muda wa kama saa nne tu. Bibi mwenye akili zake ungemwambia, "Mama, tunakwenda kuona bahari siku mbili," angeuliza jambo moja tu: watoto wanakula nini, wanalala saa ngapi.

Tena nikwambie ambalo kitchen party yako haikukwambia. Hao watu wa zamani walikuwa wanajua kukaa wawili kuliko ninyi. Ugogoni mtama na uwele ukikaribia kuiva, kwelea kwelea wanashuka kwa makundi, lazima shamba lilindwe. Mume na mke wanakwenda shambani, wanajenga kibanda, watoto wanabaki nyumbani kwa bibi. Kulinda ndege, wanasema. Ndege wenyewe usiku wamelala. Na mtu mzima yeyote aliyebaki na watoto alijua, akanyamaza, akawapikia wajukuu ugali. Mama mkwe wako huenda naye alilinda ndege kwa namna hiyo, na mumeo huenda ni matunda ya ulinzi huo. Ndiye uliyeona hataelewa.

Ulichoogopa si yeye kutoelewa. Uliogopa akuone mama wa starehe, anayeacha watoto. Hofu hiyo ilikuwa kichwani mwako, ukambebesha yeye. Msiba ukautumia kwa sababu unajua mtu wa kwetu akisikia msiba hahoji, anatoa. Hapo ndipo ninapokuona mjanja kuliko barua yako.

Na hizo picha "zilizovuja". Mwanangu, uliziweka mwenyewe kwenye status, wifi akiwa humo humo kwenye namba zako. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Zamani siri ya chumbani ilitolewa na mtu baki, leo mwenye chumba ndiye mpiga picha. Mnatoka wawili ili muwe wawili, lakini nusu ya safari mke ameinua simu, mume anaambiwa rudi juu uteleze tena, mara ya kwanza haikutoka vizuri. Anapanda ngazi zile akiwa na tumbo lake na maji puani, ili watu wa Nkuhungu waone mnapendana. Kisha mnarudi nyumbani mmechoka kuliko mlivyoondoka. Haya, naona nimekwenda mbali.

Nirudi kwa mumeo. Simtetei kwa yote: alijua uongo upo, akapanda treni. Na reli mpya nayo inapita Gulwe. Alikaa kwenye kiti chake akapita jirani na mama yake na wanawe, huku akijua mama yake yuko kwenye kilio cha bure. Mwanamume aliyepita hivyo kwenda na kurudi, ukimwona amenuna usimwite mkali. Amejionea haya. Alikwenda peke yake kuomba radhi kwa sababu hakuwa na hakika kwamba wewe ungeomba. Nami kwa barua hii sina hakika pia, humu ndani sijaona mahali uliposema umekosa.

Sasa fanya hivi. Ile fedha usiitume kwa simu. Ukiituma itaonekana mama ndiye aliyekula njama na ninyi, sasa mnagawana. Chukueni siku ya Jumamosi, wewe na mumeo, mwende hadi Gulwe. Tafuteni mtu mzima wa upande wake atangulie kuingia. Mama akubali kwanza kukuona, ndipo uketi chini, useme mwenyewe, kwa mdomo ule ule uliomzika baba mdogo: nilidanganya, mwanao nilimbembeleza, wewe hukujua. Usichanganye na habari za haki ya kupumzika, siku hiyo haina nafasi. Kisha muombe aite balozi na daftari lake, kila aliyeandikwa arudishiwe chake mkononi, na wa kisado cha uwele arudishiwe kisado kilichojaa. Kijiji kisikie kwa masikio yake kwamba bibi hakuwa na hatia. Utaona aibu, ndiyo. Yeye ameshaiona ya kutosha kwa niaba yako.

Watoto nao waambieni ukweli. Walikaa kwa bibi wakiamini babu yao kafa.

Baada ya hapo, mkitaka kutoka tena wawili, tokeni. Si lazima Dar. Nendeni hata Kondoa mkaangalie michoro ya miambani ya Kolo, mlale, mrudi. Aga kwa jina la mahali unapokwenda.

Kuhusu Singida, hapana. Mama yako ana haki ya kuwaona wajukuu, lakini si kwa kumwadhibu mwenzake. Likizo ijayo watoto waende Gulwe kama kawaida, na safari hii uwasindikize mwenyewe mpaka mlangoni, na kilo mbili za sukari.