Kilo mbichi au kavu?

Nilirudi Unguja kutoka Wete na madodoso 60 yaliyojazwa, nikijiona mtafiti kamili. Swali langu lilikuwa moja: mkulima wa karafuu Pemba anabakiwa na nini akishawalipa wachumaji? Bei ya kuuzia inajulikana, maana mnunuzi halali ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Gharama ndizo zilizonitatiza.

Profesa wa uchumi aliyekuwa akinisimamia alifungua dodoso la kwanza, la pili, la tatu. Akavua miwani.

"Mwanangu, kilo hizi ni za mbichi au kavu?"

Sikuwa nimeuliza. Karafuu ikianikwa hupoteza kiasi cha theluthi mbili ya uzito wake, na kila mkulima alikuwa amenijibu kwa hesabu aliyoizoea. Pale nilipoandika "ujira wa siku" wengi waliacha wazi, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo. Kazi yote ikawa haina faida.

Hakunifokea. Alinihadithia kwamba yeye mwenyewe alilelewa kwenye mikarafuu: asubuhi skuli, jioni kibarazani na bibi yake wakichambua karafuu na kutenga makonyo, yaani vikonyo vyake. Akasoma Dar es Salaam, akaenda nje kwa uzamivu, akasomesha zaidi ya miaka 30. Hata hivyo utafiti wake wa mwanzo ulikwama hapo hapo, maana vitabu alivyovisoma huko havikuwa na pishi.

Kwa hiyo, wewe unayeanza tasnifu, ukitafuta msimamizi usihesabu machapisho yake tu. Waulize wanafunzi wake wa zamani: rasimu zenu alikuwa akizisoma? Akizirudisha baada ya muda gani? Wangu alirudisha ndani ya wiki mbili, pembeni pamejaa wino mwekundu, na nakala zile ninazo hadi leo. Nawe mpelekee kazi ingali changa. Laiti ningempelekea madodoso 5 kabla ya 60, nisingepoteza msimu mzima, na karafuu haina ahadi: mwaka mmoja mikarafuu huzaa sana, mwaka mwingine kidogo tu.

Msimu uliofuata alikuja nami Pemba siku mbili. Tukapita kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, kisha tukaketi jamvini kwa bibi mmoja mkulima, tukachambua naye. Profesa hakuuliza kitu karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nikitapia kutoa kalamu. Bibi akaanza mwenyewe: chakula cha wachumaji, majamvi yaliyochakaa, vijana wa kubeba magunia. Halafu akatazama mawingu, akasema mvua ikinyesha karafuu ziko nje, huzikusanya mbio, huzianika upya, na zikiharibika rangi daraja hushuka.

Dodoso langu la kwanza halikuwa na mvua. La pili liliipa ukurasa mzima.